Pilipili gani ya kupanda Lubumbashi?

Ku Lubumbashi pilipili zinazotafutwa ni hasa namna mbili. Ile ndogo, nyembamba, inakauka vizuri bila kuoza, na mti wake unaweza kuzaa zaidi ya mwaka moja kama unapata maji wakati wa kiangazi. Ile ya mviringo, yenye mikunjo, mara nyingi inaipita kwa ukali. Harufu yake ndiyo watu wanataka kwenye sombe na samaki. Lakini inachelewa kuota, na ikivunwa haikai. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba inairudisha nyuma: bora mbegu ziingie kwenye kitalu mwezi wa nane, miche ikutane na mvua ya Novemba.

Ukikaa Penga Penga, udongo wa kule una madini mengi ya moshi wa zamani wa kuyeyusha shaba. Panda kwenye ndoo, na udongo wa kutoka mbali.