Safu ya saksafoni

Safu ya saksafoni ni kundi la saksafoni mbili au zaidi zinazopigwa pamoja kwa sauti zinazopatana. Ala hii ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Sax, aliyepata hataza yake mjini Paris mwaka 1846.

Tanzania

Saksafoni ilitumiwa na bendi za dansi kama Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mwenyeji wa Nzega mkoani Tabora. Mtindo wake uliitwa Saboso. Katika dansi, saksafoni humwitikia mwimbaji, kisha hushika usukani wimbo unapochemka.

Utunzi

Noti inayoandikwa si sauti inayosikika. Alto iko katika E♭ na tenori katika B♭. Ili zote mbili zitoe C, alto huandikiwa A na tenori D. Zikiandikiwa noti moja, hazitalingana. Mpulizaji aachiwe pia nafasi ya kuvuta pumzi.

Kundi la saksafoni nne (soprano, alto, tenori na baritoni) hupiga bila gitaa wala ngoma, hivyo baritoni hubeba besi. Mrusi Alexander Glazunov alitunga kazi ya kundi kama hilo mwaka 1932.