Kisu Chenye Meno

Mama anauza chai na mkate Tanga, kwenye kibaraza cha nyumba tuliyopanga tangu nikiwa darasa la tatu. Mkate anauoka mwenyewe kwenye oveni ya mkaa aliyotengenezewa na fundi bati, na anauuza kwa slesi, shilingi 200 kila moja. Kwa hesabu yake, mkate mmoja unapaswa kutoa slesi 12. Likizo ya mwaka jana nilikaa naye asubuhi moja nikihesabu. Mkate wa kwanza ulitoa 9. Wa pili pia 9, na ya mwisho ilikuwa nene upande wa chini na nyembamba juu kama kabari. Vingine vilikuwa chenga juu ya ubao. Slesi 3 kwa mkate, mikate 10 kwa siku, ni shilingi 6,000 anazofagia kila asubuhi na kuwapa kuku wa jirani.

Tatizo halikuwa uzembe. Wateja wake wa kwanza ni vijana wa bodaboda na walinzi wanaotoka zamu, wanafika saa kumi na mbili, na mkate ndiyo kwanza umetoka motoni. Kisu chake ni kile cha mpini wa mbao kilichonolewa kwenye jiwe mpaka kikabaki chembamba kama jani la mchaichai. Kwa kitunguu hakina mpinzani. Kwa mkate wa moto kinakandamiza tu: ganda linagoma, ndani kunabonyea, na ukizidisha nguvu mkate unalala.

Niliporudi Dar es Salaam nikamnunulia kisu cha meno Kariakoo kwa mmachinga, shilingi 5,000, kinang'aa kama kioo. Alikitumia siku tatu. Siku ya nne akanipigia simu. "Mwanangu, hiki hakikati. Hiki kinatafuna."

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na wakati huo nilipaswa kuandika sura ya pili ya tasnifu ambayo haina uhusiano wowote na mkate. Mwenye tasnifu anajua jinsi akili inavyotafuta mlango wa nyuma. Nikaanza kusoma habari za visu.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kisu cha mkate ni kitu kichanga. Binadamu amekula mkate kwa maelfu ya miaka, lakini muda mwingi ameumega kwa mkono au kuukata kwa kisu chochote kilichokuwa karibu. Hata kwetu pwani, mofa na chapati hazijawahi kuhitaji chuma, vidole vinatosha. Sheffield, mji wa Uingereza uliokuwa na sifa ya visu tangu karne ya 14, ulitengeneza visu vya mkate vya makali yaliyonyooka, vyenye mipini ya mbao ya kuchongwa. Vilikuwa vizuri kutazama. Meno yalikuja mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1889 Russ Christy wa Fremont, Ohio, alipata hataza ya kisu chenye makali ya mawimbi. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya dunia Chicago, kampuni ya Friedrich Dick kutoka Ujerumani ikaonyesha kisu chake cha mkate chenye meno.

Kwa nini meno? Makali yaliyonyooka yanagusa mkate kwa urefu wote kwa wakati mmoja, hivyo nguvu ya mkono inatawanyika. Jino linaikusanya nguvu hiyohiyo kwenye ncha ndogo, ganda linatoboka, kisha mwendo wa kwenda na kurudi unamalizia kazi bila kukandamiza. Kiswahili kiliishaliona hilo zamani, maana chombo cha kukatia mbao tunakiita msumeno na meno yamo ndani ya jina. Ila mkate si mbao. Meno ya msumeno yameundwa yang'oe unga wa mbao, na ukiyapeleka kwenye mkate yatang'oa mkate. Ndicho kilichokuwa kikifanywa na kisu changu cha 5,000. Meno yake yalikuwa madogo, makali na ya karibu-karibu, kama ya msumeno wa chuma. Mama alikuwa amelieleza tatizo kwa neno moja.

Wabunifu wa zamani walilijua pia. Mwaka 1919 Joseph Burns wa Syracuse, New York, alipata hataza ya kisu ambacho mifereji ya makali yake iliinamishwa, sehemu moja huku na nyingine kule, na katikati pameachwa laini. Alitaka kisu kikate kikienda na kikirudi, mkate mgumu na mkate laini, bila kuukandamiza wala kuuchimba. Nilisoma maelezo hayo usiku, nikaona kama mtu ameandika malalamiko ya Mama kwa lugha ya wanasheria.

Halafu, kisu kikiwa kimeanza kuwa kizuri, kikapoteza kazi. Otto Rohwedder, sonara aliyezaliwa Iowa, alihangaika miaka mingi na mashine ya kukata mkate mzima kwa mpigo. Moto uliteketeza kiwanda kilichokuwa na michoro na mfano wake wa kwanza, akaanza upya. Waokaji walimwambia mkate uliokatwa utakauka kabla haujafika mezani, naye akafikia hatua ya kujaribu kuzishikiza slesi kwa pini. Hatimaye akaunda mashine inayokata na kufunga. Tarehe 7 Julai 1928, siku aliyotimiza miaka 48, mkate wa kwanza uliokatwa kwa mashine yake uliuzwa Chillicothe, Missouri. Slesi zilikuwa na unene usiofika nusu inchi, zote sawasawa. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya mkate uliouzwa Marekani ilikuwa imekatwa tayari, na mpaka leo Wamarekani wakitaka kusifu kitu kipya husema hakijatokea kizuri kama hicho tangu mkate uliokatwa.

Kipande ninachokipenda zaidi kinatokea vitani. Tarehe 18 Januari 1943 serikali ya Marekani ilipiga marufuku mkate uliokatwa. Sababu mojawapo ilikuwa kuokoa karatasi ya nta, kwa sababu mkate uliokatwa hukauka upesi na unahitaji kufungwa kwa karatasi nzito zaidi. Mwezi huohuo mama mmoja aliandika barua kwa gazeti la New York Times. Alikuwa na mume na watoto wanne. Asubuhi alipaswa kukata slesi 10 za kuchoma, na nyingine zisizopungua 20 za chakula cha mchana cha kwenda nacho, kwa mkono, mbio mbio. Marufuku iliondolewa tarehe 8 Machi, haikufika hata miezi miwili.

Wanahistoria husimulia kisa hiki kama kichekesho, taifa zima kulilia slesi. Mimi sikucheka. Yule mama alikuwa anahesabu slesi na dakika asubuhi, na ninamfahamu mwingine anayefanya hivyo bila kuwa na gazeti la kumwandikia. Mashine ya Rohwedder haikufuta kazi ya kukata mkate sawasawa. Iliihamishia kwa waliokuwa na uwezo wa kununua mashine, na waliobaki nje wakabaki na kisu.

Basi nikaenda duka la vyombo nikiwa na shilingi 38,000 nilizotenga kwa kujalidi tasnifu. Nilimwomba muuzaji atoe vyote alivyokuwa navyo, akavipanga kwenye kaunta huku akiniangalia kama afisa wa mapato. Vifupi niliviondoa kwanza. Mkate wa Mama una upana wa sentimita 12 hivi, na kisu cha sentimita 20 hakiachi nafasi ya kwenda na kurudi. Nilitaka 25. Nikaondoa vilivyojikunja nilipovisukuma ubavu kwa kidole, kwa sababu chuma kinachoyumba hakiwezi kushuka wima. Kisha nikatazama meno, nikaacha ya msumeno, nikabaki na ya mawimbi mapana. Mabonde ya mawimbi hayagusi ubao, hivyo hukaa na makali muda mrefu.

Vilibaki vitatu. Hapo nikakumbuka ile slesi ya kabari. Mama anatumia mkono wa kushoto. Visu vingi vya mkate vimenolewa ubavu mmoja tu, ule unaomfaa mtu wa mkono wa kulia. Mtu wa kushoto akikitumia kinamvuta pembeni, slesi inaanza nyembamba na kuishia nene. Nusu ya lawama alizopewa na wateja kuhusu slesi zisizolingana zilitokana na kisu nilichompelekea mimi. Nilipitisha kidole taratibu kwenye kila kimoja. Kimoja tu kilikuwa kimenolewa pande zote mbili. Shilingi 35,000.

Nilimpelekea mwenyewe. Alikishika, akakipima uzito, akauliza bei, nikadanganya. Mkate wa kwanza ulitoa slesi 11 na kisogo, na kisogo akampa mtoto wa jirani aliyekuwa amekaa akisubiri.

Jumamosi ile alipita mnoa visu na baiskeli yake. Mama akampa vyote viwili. Cha zamani alikinoa kama kawaida. Kipya alikigeuza mara mbili, akapitisha dole gumba kwenye mawimbi, akamrudishia. Alisema jiwe lake ni la duara na litayala yale meno yote, kinahitaji tupa nyembamba ya mviringo, bonde moja baada ya jingine, na yeye hana. "Kikiisha makali, mama, tutaonana."

"Kitaisha lini?" Mama akaniuliza.

Nilimwambia miaka mitano, labda zaidi, akiwa hakatii mifupa. Akakifunga kwenye kipande cha kanga, akakiweka juu ya kabati mahali ambapo wadogo zangu hawafiki.