Mtoto wa kiume kusuka ukili, kuna ubaya gani?

Leo tuweke siasa na mpira pembeni, tuongelee watoto. Nitafupisha, maana najua wengine mko kafe na dakika zinayoyoma.

Mpwa wangu ana miaka sita. Likizo alikwenda kwa bibi yake Mkuranga, akarudi anajua kusuka ukili. Siyo utani, vidole vinakwenda! Mimi mjomba mtu nikacheka, nikamwambia "We vipi, unataka kuolewa?" Kesho yake nikaukuta ukindu wote umesokomezwa chini ya kitanda. Wiki nzima mtoto anakodolea TV tu. Dada akaniuliza, "Umemwambia nini mwanangu?" Nikakosa jibu. Ndiyo nikaanza kuyasoma haya mambo.

Kumbe mtoto anaanza mapema. Kwenye miaka miwili, mitatu hivi anaanza kujiita mvulana au msichana, na akifika minne mitano ameshashika kwamba hiki cha kike, kile cha kiume. Anayaokota kwetu, kwenye vicheko kama changu. Mwaka 2017 jarida la Science lilitoa utafiti wa Marekani. Wasichana wa miaka 5 waliwaona wanawake wana akili sana, sawa na wavulana walivyowaona wanaume. Wale wa miaka 6 na 7 imani ilishapungua, na mchezo ukitajwa kuwa ni wa "wenye akili sana" hawakuwa na hamu nao kama wavulana. Tofauti ya mwaka mmoja tu jamani!

Halafu orodha yenyewe haitulii. Mwaka 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto huko Marekani liliandika kuwa pinki ni ya wavulana na bluu ya wasichana. Leo mvalishe dume pinki uone maneno. Na hapa kwetu je? Nyumbani jiko la mama, lakini anayekaanga chipsi mayai kijiweni ni kijana wa kiume. Nenda Forodhani Zanzibar jioni, wanaopika ni kina nani? Mafundi cherehani wa barazani wengi wanaume. Dar kuna vijana wa Kimasai wanasuka nywele za kina dada na hakuna anayewacheka. Yaani ikiingiza hela inageuka ya kiume, mtoto akiifanya kwa kupenda tu tunasema anaharibika. Mi sielewi hesabu hiyo.

Kwa wasichana neno ni "jikedume". Tegla Loroupe wa Kenya alipotaka kukimbia alikatishwa tamaa nyumbani, aliyemuunga mkono ni mama yake. Mwaka 1994 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York. Twiga Stars nao waliofika fainali za Afrika 2010 kule Afrika Kusini walianza kama watoto waliopenda mpira. Na kwa wanaopenda vifungu, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa jinsia yake.

Sasa ufanyeje? Usimwambie "mwanaume halii", muulize kinachomliza. Kufagia na kuosha vyombo wagawie wote. Mgeni akimkejeli, mjibu palepale mtoto akisikia, kwa adabu lakini jibu. Shuleni wakimzidi, kaongee na mwalimu wa darasa taratibu, usiende na fujo. Ila usimsukume upande wa pili pia, ukaanza kumtangaza mtaa mzima kama onyesho. Akichoka kesho akataka gari la waya, mwache.

Mimi nilianza kwa kumwomba radhi. Nikamwambia anifundishe. Wangu ulitoka kama kamba ya mbuzi, akacheka mpaka akakaa chini. Jirani mmoja, mzee ninayemheshimu, akapita akasema, "Mnamlea huyo awe mwanamke?" Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo. Huo mkeka unaoswalia nani kasuka?" Hakufurahi, na salamu zake siku hizi ni fupi. Mtoto alikuwa anasikiliza huku anajifanya hasikii.

Mpaka juzi alikuwa ameshafika pima moja na nusu. Bibi yake katuma salamu kuwa zikifika pima kumi atamfundisha kuushona uwe mkeka.