Kifafa cha Kurithi cha Watoto Wachanga

Kifafa cha kurithi cha watoto wachanga ni ugonjwa wa ukoo unaoleta degedege katika siku za kwanza za maisha, mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 8. Mtoto huwa amezaliwa salama na ananyonya vizuri. Ghafla hukakamaa, pumzi hukatika kidogo, rangi hubadilika, kisha mikono na miguu hutikisika, mara upande huu, mara ule. Baada ya dakika moja au mbili hutulia.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1964 na daktari Andreas Rett wa Austria pamoja na mwenzake Teubel. Mwaka 1989 chanzo chake kilihusishwa na kromosomu ya 20, na mwaka 1998 zikatambuliwa jeni mbili: KCNQ2 iliyo katika kromosomu hiyo, na KCNQ3 iliyo katika kromosomu ya 8. Jeni hizo huongoza uundaji wa vijia vya potasiamu katika seli za neva, ambavyo ni kama breki ya ubongo. Vikidhoofika, seli husisimka kupita kiasi.

Kasoro ya jeni kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuleta ugonjwa, hivyo kila mtoto wa mzazi huyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Kati ya wanaoirithi, takriban 85 kwa kila 100 hupata degedege. Kwa wengi hukoma kabla ya miezi 6, nao hukua na kujifunza kama wenzao. Hata hivyo, 10 hadi 30 kwa kila 100 hupata kifafa baadaye, kiwango kinachozidi sana kile cha watu wengine.

Kasoro ya KCNQ2 inapozuka upya kwa mtoto, bila kurithiwa, inaweza kuleta kifafa kikali na kuchelewesha ukuaji. Katika hali zote mbili, dawa ya karbamazepini mara nyingi husaidia.

Degedege nyingi za vichanga hazitokani na urithi, bali na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizi, kiharusi au upungufu wa sukari mwilini. Kwa hiyo kichanga mwenye degedege apelekwe hospitali mara moja, na wazazi wamweleze daktari bila kuficha ikiwa kuna ndugu aliyewahi kupatwa na hali hiyo utotoni.