Kutoka Uwanja wa Dubu hadi Mashamba ya Mayo

Maneno ya Kiingereza yanayohusu kukinza jambo au kulifukuzia mbali ni mengi mno, na asili ya wingi huo ni historia ya mahali ambako watu wa Uingereza, kwa karne nyingi, walikinga miili yao au waliketi kutazama viumbe wengine wakikinga ya kwao. Tabaka la chini kabisa ni la Kiingereza cha kale, yaani lugha iliyosemwa kisiwani humo kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. Humo ndimo lilimotoka neno "withstand", ambalo maana yake ilikuwa kusimama dhidi ya kitu, kwa kuwa sehemu yake ya kwanza, ambayo leo huunganisha watu na vitu, wakati ule iliwatenganisha. Juu ya tabaka hilo watawala wapya, waliosema Kifaransa, waliweka maneno ya ngome na ya mahakama, kama "defend", "resist" na "repel", yenye mizizi katika Kilatini. "Defend" likakatwa kichwa na kuzaa "fend", ambalo mabaharia walilitumia kwa kazi ya kusukuma chombo kisigonge gati, pamoja na "fence", lenye kumaanisha ua wa shamba na vilevile ustadi wa kupigana kwa upanga.

Mabwana hao walileta pia msamiati wa uwindaji, na kutoka huko ukaja msemo "at bay", ambao chimbuko lake ni neno la Kifaransa cha kale la kubweka. Ayala, yaani mnyama anayefanana na paa mwenye pembe za matawi, alipochoka kukimbia aligeuka na kuwakabili mbwa waliomzingira wakibweka, naye akawazuia kwa pembe zake wasimkaribie. Leo msemo huo hutumiwa na mtu anayejiona salama na kuweka mbali njaa au maradhi, ilhali mwanzoni mwenye kuzuia alikuwa ndiye mwindwa, aliyebakiwa na dakika chache za uhai.

Msemo "stave off" una asili isiyo ya kiungwana hata kidogo. Katika viwanja vya Southwark, ng'ambo ya mto Thames mkabala na jiji la London, dubu au fahali alifungwa kwa mnyororo kwenye mti na kuachiliwa mbwa, huku watu waliolipa kiingilio wakishangilia, na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwenyewe alikuwa miongoni mwa wapenzi wa mchezo huo. Mbwa walipozidi, wasimamizi waliwarudisha nyuma kwa fimbo nene, na kitendo hicho ndicho kilichoitwa "stave off" katika karne ya 17. Fimbo hizo hazikukusudiwa kumwokoa dubu moja kwa moja, kwani mnyama huyo alikuwa mali ya gharama aliyehitajika tena kwa maonyesho mengine, hivyo neno lilibeba tangu awali maana ya kuahirisha balaa pasipo kuliondoa. Bunge lilipiga marufuku michezo hiyo mwaka 1835, wakati ambapo msemo ulikuwa umekwisha kuhamia katika mazungumzo ya watu wasioujua uwanja.

Katika maneno yote hayo, anayekinza ana kitu mkononi au kichwani, iwe fimbo, upanga au pembe. Mwaka 1880 wakulima wa magharibi ya Ireland waliongeza neno la namna nyingine kabisa. Kapteni Charles Boycott, Mwingereza mzaliwa wa Norfolk, alikuwa wakala wa Lord Erne katika wilaya ya Mayo, akikusanya kodi ya ardhi kutoka kwa wapangaji ambao, baada ya mavuno mabaya, waliomba punguzo la asilimia 25 na kupewa asilimia 10. Mwezi Septemba mwaka huo Charles Stewart Parnell, kiongozi wa Land League, chama kilichotetea wapangaji, aliwashauri wasikilizaji wake mjini Ennis wamtenge kabisa, barabarani, dukani na kanisani, yeyote atakayechukua shamba la mtu aliyefukuzwa. Siku chache baadaye, hati za kuwafukuza wapangaji zilipoanza kupelekwa, watu wa Mayo walimtumia silaha hiyo wakala mwenyewe: watumishi waliondoka, vibarua waliacha mazao shambani, na wenye maduka walikataa kumuuzia.

Serikali ilijibu kwa namna iliyoupa mgomo huo umaarufu ambao wakulima peke yao wasingeupata. Wafanyakazi 50 wa kujitolea, Waprotestanti kutoka Cavan na Monaghan, waliletwa kuvuna viazi na tanipu wakilindwa na mamia ya askari na polisi, kwa gharama inayokadiriwa kuwa pauni 10,000, ili kuokoa mazao yaliyothaminiwa kwa takriban pauni 500. Kwa mujibu wa mwandishi wa habari wa Kimarekani, James Redpath, yeye na padri John O'Malley walitafuta neno la kumtenga mtu hivyo ambalo mkulima angelielewa, na padri akapendekeza jina la kapteni. Tarehe 27 Novemba Boycott aliihama nyumba yake, lakini jina lake lilibaki likiwa kitenzi, na halikukawia kuingia katika Kifaransa, Kijerumani na Kirusi.

Silaha yenyewe nayo ilisafiri. Mwaka 1905 Wabengali wa India waliopinga kugawanywa kwa jimbo lao walisusia vitambaa vya Uingereza. Tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi mmoja wa Holborn jijini London, Julius Nyerere, wakati huo rais wa TANU, chama cha siasa cha Tanganyika, alihutubia pamoja na padri Trevor Huddleston mkutano ulioanzisha harakati za kuwataka Waingereza wasinunue matunda na bidhaa nyingine za Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Harakati hizo ziliitwa Boycott Movement, hadi zilipobadilishwa jina mwaka uliofuata na kuwa Anti-Apartheid Movement.