Nyayo za Laetoli: kivuli au kina?

Wadau, Samunge mnaijua kwa kikombe cha Babu, 2011. Wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro ina Laetoli: nyayo za miaka milioni 3.66, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey 1978-79, zikafukiwa. Miti ikaota juu, mizizi ikatishia. Zikahifadhiwa na kufukiwa tena 1995-96. Kwa hiyo wengi wetu tunaona nakala tu.

Nyayo mpya za 2015 zilipigwa picha nyingi toka pembe tofauti, kompyuta ikapata umbo lenye kina. Umbo kama hilo mashine ya kuchonga inaweza kulifuata kwenye bamba. Ukiipa picha moja, inachukulia weusi ndio kina: kivuli kinachongwa shimo!

Walimu watarajiwa, kabla ya kufundishia nakala, tuulize imetengenezwaje.