Kadi mbili za mwaka 2000 zilizogeuza mkondo wa kompyuta

Mwaka 2000, kampuni mbili za jimbo la California nchini Marekani zilipeleka sokoni kadi za michoro zilizowania wateja wale wale: wapenzi wa michezo ya kompyuta. Kabla ya mwaka huo kumalizika, kampuni moja ilikuwa imetangaza kwamba inafunga shughuli zake na kumuuzia mshindani wake mali yake muhimu.

Kampuni iliyoanguka ni 3dfx. Iliyobaki ni Nvidia, ambayo mwezi Juni mwaka 2024 ilifika kwa mara ya kwanza kileleni mwa kampuni zote duniani kwa thamani katika masoko ya hisa.

Hata hivyo, zikiwekwa kadi zenyewe kwenye mizani, tofauti baina yake haikuwa kubwa kiasi cha kueleza matokeo hayo.

Kazi ya kadi ya michoro

Kadi ya michoro huchora picha zinazoonekana kwenye skrini ya kompyuta. Umbo la mtu au nyumba katika mchezo hujengwa kwa pembetatu nyingi ndogo. Kwanza hupigwa hesabu ya kila pembetatu ikae wapi na iangaziwe kiasi gani, kisha hupakwa rangi, nukta baada ya nukta.

Katika miaka ya 1990, kwenye kompyuta za nyumbani, hesabu hiyo ya kwanza ilifanywa na prosesa kuu ya kompyuta. Kadi ilibakiziwa kazi ya kupaka rangi.

3dfx, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilijijengea jina katika upakaji huo. Kadi yake ya kwanza, Voodoo, ilitoka mwaka 1996. Mwaka 1998 ikafuata Voodoo2, ambayo kadi zake mbili ziliweza kuunganishwa zikagawana mistari ya picha moja. Nvidia, ingawa iliasisiwa mwaka 1993, wakati huo ilikuwa ikifuata nyuma.

Zilipofanana na zilipotofautiana

GeForce2 GTS ya Nvidia ilitangazwa mwezi Aprili mwaka 2000. Voodoo5 5500 ya 3dfx ilifika madukani mwezi Juni.

Voodoo5 ilibeba chipu mbili, kila moja ikiwa na transista milioni 14 na kasi ya megahezi 166. GeForce2 ilikuwa na chipu moja tu, yenye transista milioni 25 na kasi ya megahezi 200. Nvidia iliweza kufanya hivyo kwa sababu chipu yake ilichongwa kwa kipimo cha mikroni 0.18, ilhali 3dfx ilikuwa bado inatumia mikroni 0.25.

Kwa upande wa kumbukumbu, Voodoo5 ilikuwa na megabaiti 64 na GeForce2 megabaiti 32. Lakini wingi huo ulikuwa na kasoro yake. Kila chipu ya Voodoo5 ilikuwa na kumbukumbu yake, kwa hiyo picha zinazovikwa juu ya maumbo, kama vile matofali ya ukuta au majani ya mti, zililazimika kuhifadhiwa mara mbili.

Upana wa njia ya kupitishia data ulikuwa sawa: takriban gigabaiti 5.3 kwa sekunde kwa kila kadi. 3dfx iliupata kwa kujumlisha njia mbili. Nvidia iliupata kwa kutumia aina mpya ya kumbukumbu, ambayo hupitisha data mara mbili katika kila pigo.

Kwa hesabu za kwenye karatasi, GeForce2 iliweza kupaka nukta milioni 800 kwa sekunde, na Voodoo5 nukta milioni 667. Katika majaribio ya kawaida kwa mchezo wa Quake III Arena, GeForce2 ilitangulia.

Voodoo5 ilikuwa na sifa moja iliyowavutia wengi. Ililainisha kingo za maumbo, zile zinazoonekana kama meno ya msumeno, kwa ubora ulioishinda GeForce2. Gharama yake ilikuwa kasi: kila nukta ikichorwa mara nne, kasi ya upakaji hushuka hadi robo.

Nvidia nayo ilikuwa imeiondolea prosesa kuu hesabu za pembetatu na mwanga na kuzitia ndani ya chipu ya michoro. Ilianza hivyo na GeForce 256 mwaka 1999. Voodoo5 haikuwa na uwezo huo, na michezo iliyoutumia ilikuwa bado michache. Mnunuzi aliyeona picha laini kuwa bora kuliko ahadi ya kesho hakuwa na makosa.

Kutangulia si kufika

Kilichoiangusha 3dfx hakikuwa kadi hiyo pekee. Mwaka 1999 ilikamilisha ununuzi wa STB, kampuni ya kutengeneza kadi, ikaamua kuuza kadi zake yenyewe badala ya kuwauzia wengine chipu. Watengenezaji waliokuwa wakiuza kadi za Voodoo, kama Creative, wakageuka kuwa wauzaji wa chipu za Nvidia.

Aidha, Voodoo5 ilichelewa. Ilikuwa imetangazwa mwezi Novemba mwaka 1999, na laiti ingetoka mapema ingepambana na GeForce 256. Ilipofika, ilimkuta mrithi wake. Voodoo5 6000, iliyokusudiwa kuwa na chipu nne, haikuuzwa kamwe kwa umma.

Tarehe 15 Desemba mwaka 2000, 3dfx ilitangaza kuiuzia Nvidia mali yake ya kiufundi kwa dola milioni 70 taslimu na hisa milioni moja. Mwezi Oktoba mwaka 2002 iliomba kinga ya mahakama kama kampuni iliyofilisika.

Urithi wa pande zote mbili

Njia ya kuhamishia hesabu kwenye chipu ya michoro haikuishia katika michezo. Mwaka 2007 Nvidia ilitoa CUDA, programu iliyowawezesha wanasayansi kutumia chipu hizo kwa hesabu za aina nyingine. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Canada walitumia kadi mbili za GTX 580 kuifundisha kompyuta kutambua picha, na mafanikio yao yakafungua enzi mpya ya akili bandia.

Kadi mbili, zikigawana kazi moja. Wazo la kuunganisha chipu ili zibebe mzigo pamoja lilikuwa fahari ya 3dfx tangu Voodoo2, na leo mifumo mikubwa ya akili bandia hufunzwa kwa maelfu ya chipu zilizounganishwa, ingawa kwa mbinu tofauti kabisa. Nvidia yenyewe, mwaka 2004, ililirudisha sokoni jina SLI, ambalo 3dfx iliwahi kulitumia kwa mbinu yake ya kugawana mistari.